Maji, Samaki na Vyakula vya Mbali: Historia ya Starehe za Ukingoni Lubumbashi

Lubumbashi, huko Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji wa bara kabisa. Hakuna ufukwe wa bahari ulio karibu nao kwa chini ya kilomita 1,000, na pwani ya Kongo yenyewe, kipande cha takribani kilomita 40 huko Muanda, iko zaidi ya kilomita 1,700 hata ndege akiruka bila kupinda. Mkazi wa mitaa yake ya Katuba au Ruashi yuko karibu na Dar es Salaam kuliko bahari ya nchi yake. Pamoja na hayo, mji huu una desturi ya zamani ya kwenda majini siku ya mapumziko, kula samaki ukingoni na kupokea mezani vyakula vya watu wa mbali. Desturi hiyo haikuja kwa bahati. Ililetwa na reli, na wavuvi waliotoka visiwani, na mabwawa yaliyojengwa kwa ajili ya migodi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na treni ya kwanza kutoka Rhodesia ikafika mwezi wa Septemba 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Elisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi, ambalo ni la mto unaopita hapo, lilirudishwa rasmi mwaka 1966. Nchi hiyo ilikuwa ya Balamba na majirani zao, wakulima wa mtama na wawindaji ambao hawakuwa wengi. Mashamba yao hayangeweza kulisha maelfu ya vibarua walioletwa kuchimba shaba. Kwa hiyo tangu mwanzo chakula cha mji kilisafiri. Unga wa mahindi ulipanda treni kutoka kusini. Mwaka 1928 reli ilifika Port-Francqui, Ilebo ya leo, na mahindi ya Kasai yakapata njia ya kuingia. Mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganishwa na ile ya Katanga, na kwa mara ya kwanza mji wa shaba ukawa na barabara ya chuma iendayo moja kwa moja mpaka bandari ya Lobito, kwenye Bahari ya Atlantiki.

Bukari, yaani ugali wa mahindi, ilipata nafasi yake ya leo katika miaka hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha mtindo wa kuchukua vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto. Kila familia ilipewa posho ya chakula: unga, mafuta ya mawese, karanga, chumvi, nyama au samaki. Waliokula posho hiyo walitoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na pembe zote za Katanga, kila mmoja akiwa na chakula cha kwao. Kambi iliwafundisha kula kitu kimoja. Wajukuu wao leo wanaona mlo usio na bukari kuwa haujatimia, bila kujali kama babu alikuwa Mluba, Mrundi au Mbemba.

Posho ilihitaji samaki, na samaki walipatikana Luapula. Mto huo unatenganisha Kongo na Zambia na kumwaga maji katika Ziwa Mweru, na mji wa Kasenga, uliopo ukingoni mwake, uko zaidi ya kilomita 200 kutoka Lubumbashi. Hapo ndipo bahari ilipoingia katika historia ya Katanga kwa njia isiyotarajiwa. Wafanyabiashara waliojenga biashara ya samaki ya Kasenga kati ya vita viwili vya dunia walikuwa zaidi Wagiriki, wengi wao watu wa visiwa vya Bahari ya Mediterania waliozaliwa kati ya mashua na nyavu. Waliunda mashua, wakaweka mitambo ya barafu, wakanunua samaki kutoka kwa wavuvi wa Kiafrika na pia kuvua kwa nyavu kubwa. Malori yaliyojaa samaki na barafu yalikimbia kwenda Elisabethville, ambako makambi ya Union Minière yalikuwa mteja wa hakika.

Pamoja na Wagiriki walikuwapo Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya Italia tangu 1912, na sheria za ubaguzi za mwaka 1938 ziliongeza idadi ya waliokimbia. Mmoja wao, Nissim Soriano, aliishi Kashobwe, kando ya Luapula, akafanya biashara ya samaki. Mwanawe aliyezaliwa huko mwaka 1964, Moïse Katumbi, naye aliingia katika biashara hiyohiyo kabla ya kuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Waliobaki Rhodes walikusanywa na Wajerumani mwezi wa Julai 1944 na kupelekwa Auschwitz. Wachache tu walirudi. Jumuiya ndogo ya Elisabethville, iliyokuwa na sinagogi lake na rabi wake Moïse Lévy, ikabaki kuwa mojawapo ya mahali ambapo desturi za kisiwa kile ziliendelea kuishi.

Utajiri wa Kasenga ulikuwa na gharama. Samaki aliyependwa kuliko wote alikuwa mpumbu, ambaye wakati wa masika hupanda Luapula kwa makundi makubwa ili kutaga. Alivuliwa papo hapo njiani, tumbo likiwa limejaa mayai, mwaka baada ya mwaka. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha, na hayajarudi kama zamani. Wavuvi wakageukia pale, aina ya tilapia mwenye mwili mpana, na nyavu za nailoni zikarahisisha kumvua hata yeye kupita kiasi. Katika miaka ya 1980 zamu ikafika kwa chisense, dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa na kuanikwa juani. Nani alaumiwe? Biashara ndiyo iliyoamua ukubwa wa nyavu, na mteja mkubwa wa biashara hiyo alikuwa mgodi. Wagiriki wengi waliondoka baada ya uhuru na vita vya kujitenga kwa Katanga vya 1960 hadi 1963, na waliosalia walipata pigo la mwisho mwezi wa Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kuwa biashara za wageni zitakabidhiwa kwa Wazaire, yaani raia wa nchi hiyo.

Ndani ya mji wenyewe vyakula vya kigeni viliingia kwa mlango wa nyuma, yaani jikoni. Nyumba za Wabelgiji, Waitaliano na Wagiriki zilipikiwa na wanaume wa Kiafrika walioitwa maboi hata wakiwa na mvi. Walijifunza mchuzi wa Kifaransa, tambi, keki na mikate, wakapeleka baadhi ya vyakula hivyo Kamalondo na Kenya, mitaa waliyotakiwa kulala. Historia yao imeandikwa na wao wenyewe, jambo la nadra katika Afrika ya wakoloni. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, alitoa kwa Kiswahili cha mji huo maandishi yaitwayo Vocabulaire de ville de Elisabethville, yanayosimulia maisha ya mji kwa jicho la waliopika na kufua. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri. Mtu akitaka kujua nani hasa alibeba ladha za Ulaya mpaka Katanga, jibu lipo hapo kabla ya kulitafuta katika vitabu vya mapishi.

Starehe za majini nazo zilianza zikiwa na mpaka wa rangi. Mji wa Wazungu ulikuwa na mabwawa ya kuogelea, klabu na uwanja wa gofu. Mtaa wa Lido umebaki na jina linalokumbusha fukwe za Italia. Waafrika waliishi ng'ambo ya eneo la wazi lililoachwa makusudi kati ya pande mbili za mji, na usiku hawakuruhusiwa kutembea upande wa pili bila kibali. Mto Lubumbashi ulizuiwa ukafanya ziwa dogo, ambalo wengi hulitaja kwa jina la Tshombe, na kando yake Wazungu walitembea jioni. Baada ya uhuru mpaka huo wa sheria uliondoka na mfuko wa fedha ukachukua nafasi yake. Hoteli ya Karavia ilijengwa upande huohuo wa ziwa na gofu. Ukingo wa ziwa ukawa mahali pa kupiga picha za arusi, na sehemu ya kingo hizo imemegwa na ujenzi wa nyumba.

Maji makubwa zaidi yaliletwa na umeme. Mwaka 1930 Union Minière ilimaliza bwawa la Mwadingusha kwenye maporomoko ya mto Lufira yaliyokuwa yakiitwa Cornet. Nyuma yake maji yalitanda juu ya mbuga na mashamba, likazaliwa Ziwa Tshangalele, lenye eneo la mamia ya kilomita za mraba na kina kifupi. Vijiji vilivyopoteza ardhi viligeuka vya wavuvi. Mabwawa mengine yalifuata: Koni kwenye Lufira, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba katika miaka ya 1950. Hakuna hata moja lililojengwa kwa ajili ya starehe wala chakula, na bado vyote viwili vilitoka humo. Tshangalele ililisha mji wa Likasi na Lubumbashi. Kwenye kituo cha Kipopo, karibu na mji, wataalamu walijaribu kufuga tilapia katika vidimbwi, na ufugaji huo ukaenea sehemu nyingi za Kongo kabla ya uhuru.

Kwa mwenye gari na siku mbili, matembezi hufika mbali zaidi. Maporomoko ya Kiubo yako kwenye Lufira kaskazini. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, mto Lofoi unadondoka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, miongoni mwa maporomoko marefu kuliko yote barani Afrika. Msimu wa kwenda ni kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, kwa sababu masika hufunga barabara. Walio wengi, hata hivyo, hutafuta maji yaliyo karibu: mto Kafubu, vidimbwi vya samaki vya mashamba ya jirani, au baa yenye kibwawa nje kidogo ya mji.

Mlo wa siku hiyo hutayarishwa papo hapo. Pale hutolewa magamba na matumbo, huchanjwa mbavuni mara tatu au nne kila upande, kisha hupakwa chumvi, kitunguu saumu na pilipili iliyotwangwa na kuwekwa juu ya wavu wa makaa. Ngozi inapoanza kukakamaa hugeuzwa mara moja tu, maana akigeuzwa mara nyingi hukatika. Bukari huletwa ya moto ikiwa imefunikwa, pamoja na sombe au lengalenga na kachumbari ya nyanya na kitunguu. Asiyetaka samaki huagiza michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Vinywaji ni Simba au Tembo, bia zinazotengenezwa mjini humo humo, na kwa wasiokunywa pombe kuna munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi kinachochachushwa kidogo kwa mizizi ya porini. Watu hula kwa mkono, wakiwa wamenawa kwa maji ya birika, na mazungumzo huchanganya Kiswahili na Kifaransa bila mtu kutambua.

Maji hayo hayakuwahi kuwa ya kustarehe tu. Katika miaka ya 1960 na 1970 sebule nyingi za Lubumbashi zilitundikwa picha ya Mamba Muntu, mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki, anayetoa utajiri kwa anayekubali masharti yake. Wachoraji wa mji huo waliichora mara nyingi, na watafiti wa sanaa ya Katanga wameiweka miongoni mwa mada zilizopendwa zaidi. Kwamba watu wa mgodini, mbali na bahari, walimweka nguva ukutani, ni ushahidi kuwa maji yalibaki kwao mahali pa tamaa na pa hofu kwa pamoja. Fedha za ghafla zilikuwa zikionekana zimetoka ziwani, na pengine huko Luapula kweli zilitoka ziwani.

Vyakula vya mbali navyo havikutoka Ulaya peke yake. Upande wa Asia, uhusiano wa Katanga na Thailand ni wa zamani kuliko inavyodhaniwa, ingawa hakuna aliyeupanga. Wareno walifika mlango wa mto Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1480, na mwaka 1511, walipoteka Malaka, walituma mjumbe Ayutthaya, mji mkuu wa Siamu, Thailand ya leo. Katika karne ya 16 meli zao zilisaidia kusambaza mimea ya Amerika pande zote mbili. Pilipili, karanga na mapapai vilienda mashariki; pilipili, karanga, mahindi na mihogo viliingia Afrika na kusonga bara kwa mikono ya wafanyabiashara Waafrika mpaka Katanga. Ukali unaotambulisha supu ya tom yam na ule unaopakwa kwa pale wa Luapula unatoka kwenye mimea ya jamii moja. Saladi ya som tam ni papai bichi lililotwangwa na pilipili, karanga, ndimu na mchuzi wa samaki. Mpishi wa Lubumbashi anajua karibu vitu vyote hivyo, ila hajavikusanya kwenye kinu kimoja. Tofauti kubwa iko kwenye samaki wadogo. Thailand huwalowesha kwenye chumvi hadi watoe mchuzi wenye harufu kali. Luapula huwaanika juani, na wakitiwa kwenye sombe hufanya kazi ileile ya kukoleza. Muhogo nao umepata majaliwa mawili. Katanga huula, mizizi na majani, wakati Thailand imekuwa msafirishaji mkuu wa bidhaa za muhogo duniani.

Chakula cha Thailand kinachofika kweli kwenye majiko ya Kongo ni mchele. Unaagizwa kutoka huko, kutoka Vietnam, Pakistani na India, na familia nyingi huupika Jumapili au mgeni akija, bukari ikipumzika siku hiyo. Samaki wa bahari nao wamezoeleka. Thomson, samaki wa barafu anayevuliwa kwenye maji baridi ya Namibia, huingia kwa malori kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, na mara nyingi ni nafuu kuliko pale. Mtoto wa Lubumbashi ambaye hajaona mawimbi hula mazao ya Atlantiki wiki nzima.

Watu walisafiri pia. Katika miaka ya 1990 Bangkok ilikuwa moja ya vituo vya wafanyabiashara Waafrika waliotafuta nguo na bidhaa za kuuza nyumbani. Msukosuko wa fedha wa Asia wa 1997 uliwasukuma wengi wao kuhamia Hong Kong na Guangzhou, na Wakongo walikuwa miongoni mwa walioijaza Guangzhou baadaye. Wachina nao walifika Katanga kwa wingi baada ya mwaka 2000, wakifuata shaba na kobalti, na migahawa yao ikafunguliwa mjini. Chakula cha Kithai kilisambaa duniani kwa njia tofauti: serikali ya Thailand ilianzisha mwaka 2002 mpango wa kuongeza migahawa ya nchi hiyo ng'ambo. Wakongo wanaoishi Ubelgiji au Afrika Kusini hukikuta huko, katika miji ya kigeni, si nyumbani kwao.

Huko ng'ambo ndiko wengi huona bahari mara ya kwanza, na si kila mara kwa starehe. Durban ilipokea Wakongo wengi tangu miaka ya 1990, na wapo waliosoma vyuo vikuu ambao walijikuta wakilinda magari yaliyoegeshwa karibu na ufukwe ili kupata chenji. Dar es Salaam ni rafiki zaidi. Anayekwenda kufuata mzigo bandarini anaweza kumaliza jioni Coco Beach, akila mihogo ya kukaanga na mishikaki, na lugha yake inaeleweka hata kama inachekesha wenyeji. Ubelgiji ina pwani fupi ambako treni huifikisha familia ya Brussels kwa saa moja na kidogo. Kwenye ukuta wa bahari wa Ostend lipo sanamu la Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, lililozinduliwa mwaka 1931, likiwa na Wakongo wanaomshukuru. Mwaka 2004 wanaharakati walikata mkono wa mmoja wa Wakongo hao wa shaba, kukumbusha mikono iliyokatwa wakati wa utawala wake, watu walipolazimishwa kuvuna mpira. Blankenberge, kwenye pwani hiyohiyo, kuna mnara wa maafisa wawili, Lippens na De Bruyne, waliouawa mashariki mwa Kongo mwaka 1892. Mtu wa Lubumbashi anayekwenda kupunga upepo huko anakutana na historia yake imesimamishwa mchangani, imesimuliwa na upande mmoja.

Nyumbani, hatari ya sasa iko ndani ya maji yenyewe. Taka za viwanda vya Likasi huingia mto Panda, ambao humwaga Lufira, na Lufira ndiyo inayojaza Tshangalele. Watafiti wamekuta metali katika samaki wa ziwa hilo. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walionyesha kuwa wakazi wa maeneo ya migodi ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na chakula ni mojawapo ya njia zake. Mwaka 2017 bonde la Lufira liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Hadhi hiyo peke yake haisafishi mto. Kuyapima na kuyasafisha maji ya Panda kabla hayajafika ziwani ni wajibu wa viwanda vinavyoyatumia, na gharama ni yao, kwa kuwa samaki wa Tshangalele wanaendelea kuvuliwa na kuuzwa Likasi na Lubumbashi kila siku.